Jalada la Kidijitali kwa Mwalimu wa Chekechea
Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010. Mwalimu asiye na ushahidi wa kazi yake hutatizika wakati wa kutathminiwa. Simu yatosha kuanzisha jalada:

1. Afungue folda tatu: vyeti, maandalio ya somo na kazi za watoto.
2. Kila Ijumaa, apige picha ya kifaa kimoja alichotumia kufundishia, kisha aandike kilichofaulu na atakachobadilisha.
3. Ahifadhi nakala nje ya simu, kwani simu hupotea.
4. Asipige picha za watoto bila idhini ya wazazi; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda.

Picha pekee haitoshi. Maelezo ya mwalimu ndiyo yanayoonyesha alivyokua kikazi.