Nakala Moja Haitoshi: Data za Parokia na za Kwetu



Mwaka jana, katika utume wa mwisho wa juma, tulipangiwa kusaidia ofisi ya parokia moja ya kijijini. Kazi yetu ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta daftari za ubatizo na orodha ya michango ya ujenzi wa kanisa. Tulikuwa mafrateri wawili, mmoja anasoma, mwingine anachapa, kwa muda wa miezi saba. Jumamosi moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta haikuwaka tena. Fundi aliifungua akasema diski imekufa. Paroko akatuuliza nakala iko wapi. Ilikuwepo: ndani ya diski hiyohiyo, katika folda tuliyoipa jina NAKALA kwa herufi kubwa.

Daftari za ubatizo zilibaki salama kabatini, kwa kuwa ni za karatasi. Michango haikuwa na kabati. Vitabu kadhaa vya stakabadhi havikuonekana, na baada ya Misa mzee mmoja alisimama akataja kiasi alichotoa, wala hakukuwa na wa kumkatalia au kumkubalia. Watu hawakuanza kusema juu ya umeme. Walianza kusema juu ya fedha.

Tuliposoma Phaedrus ya Plato darasani, tulimcheka kidogo mfalme Thamus, aliyehofia kwamba maandishi yataleta usahaulifu. Siku ile hatukucheka. Hakuna kati yetu aliyekumbuka hata jina moja na kiasi chake, kwa sababu tulikwisha kuikabidhi kompyuta kazi ya kukumbuka.

Jambo la kushangaza ni kwamba Kanisa limelijua somo hili muda mrefu kabla ya kompyuta. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 535, zinadai kila parokia iwe na daftari za ubatizo, ndoa na wafu, zikitunzwa vema. Kanuni ya 491 inataka orodha za nyaraka za parokia ziandikwe nakala mbili: moja ibaki parokiani, nyingine ikae katika hifadhi ya jimbo. Na kanuni ya 1122 inaagiza kwamba mtu akifunga ndoa mbali na parokia aliyobatizwa, paroko wa huko apeleke taarifa ili ndoa iandikwe pia katika daftari la ubatizo. Tukio moja linaandikwa sehemu mbili, chini ya mapaa mawili. Moto ukiteketeza ofisi moja, nyingine inasema.

Wataalamu wa kompyuta wanaieleza hekima hiyo kwa namba tatu: 3-2-1. Uwe na nakala 3 za data, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na nakala 1 ikae mahali pengine kabisa. Kwa frateri anayeandika tasnifu, maana yake ni kompyuta mpakato, diski ya nje, na Google Drive, ambako kila akaunti inapewa bure GB 15. Tasnifu ya maandishi matupu haifikishi hata sehemu ndogo ya hizo, kwa hiyo kisingizio cha bando hakisimami. Kwa parokia au muumini mwenye duka, hesabu ni hiyohiyo.

Hapa wengi wetu tunajidanganya kwa njia mbili. Ya kwanza ni flashi. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Inapotea mfukoni, inafuliwa na suruali, na ikipita stashenari inarudi na virusi. Kuna kirusi kinachogeuza folda zote kuwa alama za njia ya mkato. Ukikutana nacho, usiifomati flashi kwa hasira. Mara nyingi faili hazijafutwa, zimefichwa tu, na fundi anayejua kazi huzirudisha.

Ya pili ni kudhani kwamba kilicho mtandaoni hakipotei. Folda iliyounganishwa na Drive hufuata yale unayofanya kwenye kompyuta: ukifuta huku, kule nako kinafutwa, na pipa la taka la Drive hujimwaga baada ya siku 30. Diski ya nje inayokaa imechomekwa mchana na usiku nayo ina hatari yake. Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga faili za kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, kikidai fidia. Kirusi cha namna hiyo hufunga kila diski kinachoikuta imechomekwa. Microsoft ilikwisha kutoa dawa ya tundu lile mwezi Machi. Walioahirisha kusasisha ndio walioumia zaidi. Kwa hiyo chomeka, nakili, chomoa, ondoa.

Tena jaribu kuifungua nakala. Mwaka 1998, kampuni ya Pixar ilipokuwa ikitengeneza filamu ya katuni Toy Story 2, amri moja ilifuta sehemu kubwa ya kazi, na ndipo walipogundua kwamba mfumo wao wa nakala haukuwa ukifanya kazi. Waliokolewa na Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwake kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga na akifanyia kazi huko.

Kuhusu usalama, tusirefushe. Orodha za parokia zina majina ya watoto, ndoa zenye matatizo, na maskini wanaosaidiwa. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na aliyekusanya taarifa anawajibika kuzilinda. Toleo la Windows Pro lina BitLocker, inayofunga diski hata aliyeiba asione kitu. Lakini ufunguo wake wa akiba, wenye tarakimu 48, ukipotea, hata wewe huoni kitu. Uchapishe, uutie bahasha, uweke kabatini pamoja na daftari. Na neno la siri la ofisi lisijulikane na mtu mmoja tu. Tumeona barua pepe ya parokia iliyofungwa kwa namba ya simu ya katibu aliyeolewa mkoa mwingine. Kanuni ya 487, ikizungumzia hifadhi ya jimbo, inasema ifungwe na ufunguo uwe kwa askofu na kansela. Wawili, si mmoja wala kumi.

Sasa parokia ile ina diski mbili. Moja inakaa ofisini, nyingine kwa masista wa ng'ambo ya mto, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi zinabadilishana, kisha tunafungua faili moja yoyote kuona kama inasomeka. Baraza la walei liliamua michango iliyopotea iandikwe kwa neno la mtoaji mwenyewe mbele ya jumuiya yake. Yule mzee alikuja akaandikisha 180,000, pungufu ya aliyotaja siku ile kanisani. Alisema aliporudi nyumbani mkewe alimkumbusha.