Diwani Iliyochelewa Kupigwa Chapa: Maswali na Majibu juu ya Haji Gora Haji

Maswali yafuatayo yametoka kwa wasomaji wa Kolwezi na miji ya jirani, wengi wao wakiwa watu wa makamo na wastaafu wa migodi ambao daftari zao za mashairi zimelala makabatini miaka mingi, nao, kila mmoja kwa sauti yake, wameuliza jambo moja: kama mtu aliyeutumia ujana wake katika kazi za mikono aweza kuwa mshairi wa kuhesabiwa. Mfano nilioutegemea zaidi ni wa marehemu Haji Gora Haji wa Zanzibar, kwa kuwa sijaona maisha ya mshairi mwingine wa Kiswahili yanayolijibu swali hilo kwa ukamilifu kuliko yake.

Mwalimu, huyo Haji Gora ni nani, na sisi watu wa shaba, tusioiona bahari, tuna udugu gani naye?

Haji Gora Haji alizaliwa mwaka 1933 katika kisiwa cha Tumbatu, kaskazini magharibi ya Unguja, kisiwa ambacho watu wake wamesifika tangu dahari kwa uvuvi na ubaharia. Aliletwa mjini Zanzibar angali mtoto, akasoma chuo cha Kurani kama ilivyokuwa desturi ya watoto wa Kiislamu wa zama zile, na elimu ya shule za serikali ikampita kando. Riziki yake aliitafuta kwa kuvua samaki, kwa kusafiri na majahazi, na kwa kuchukua mizigo bandarini. Na katika muda huo wote, bila ya kungoja ruhusa ya mtu, akawa anatunga, mara kwa ajili ya ngoma, mara kwa ajili ya waimbaji wa taarabu. Diwani yake ya kwanza, *Kimbunga*, ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1994, naye amekwisha kufika umri wa miaka 61. Mwaka 1999 alialikwa kusoma mashairi yake Rotterdam, katika tamasha la kimataifa la washairi, na mwaka 2009 akatoa riwaya, *Siri ya Ging'ingi*. Diwani ya *Shuwari* ilitoka mwaka 2019, miaka miwili kabla ya kufariki kwake.

Ama udugu wenu naye, mimi nauona mkubwa. Shaba itokayo Kolwezi haina pwani ya kwake, na sehemu yake kubwa husafiri siku nyingi barabarani mpaka bandari ya Dar es Salaam, ambako watu wa jamii ya Haji Gora, wachukuzi na mabaharia, ndio waliozoea tangu zamani kuupokea mzigo wa bara. Mtu aliyeinama chini ya gunia gatini na mtu aliyeinama chini ya ardhi katika mgodi wa Kamoto hawakosi la kuambiana.

Yawezekanaje mtu asiyeingia darasani atunge mashairi yenye kanuni ngumu, hali sisi tuliosoma tunashindwa na vina?

Swali hili hutokana na dhana kwamba kanuni za ushairi zilizaliwa katika vitabu, nazo hazikuzaliwa humo. Shairi la Kiswahili la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na vina vya kati na vya mwisho. Utenzi nao una vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya kwanza vikilingana kwa kina, na cha nne kikibeba bahari inayoshuka kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Hesabu hiyo yote iliwekwa na sikio, wala si na kalamu, kwa sababu tungo zilikusudiwa kuimbwa, na mwimbaji aliyezidisha mizani moja huumbuliwa papo hapo, mbele ya watu, na sauti yake mwenyewe.

Tazameni basi madarasa aliyopitia Haji Gora. Chuoni mtoto hufundishwa kuhifadhi kwa matamshi kamili, na kosa la herufi moja halisamehewi. Hapo sikio hunolewa na hafidha hupanuliwa. Ngomani mtungaji hulazimika kujibu hoja ya mpinzani wake kabla mkono wa mpigaji haujapumzika, na anayebabaika hupoteza heshima kwa jirani zake, ambayo ni hasara kubwa kuliko kukosa alama katika mtihani. Katika taarabu fumbo lazima liwe wazi kwa anayehusika na lifichike kwa asiyehusika, na hiyo ni elimu ya maana ambayo maprofesa huiandikia kurasa nyingi. Baharini, kuvuta tanga na kuchukua mizigo ni kazi za watu wengi kwa wakati mmoja, na watu wengi hawaendi pamoja ila kwa wimbo; mwenye kuimba kazini huhesabu mizani kwa mgongo wake. Mtu aliyepita katika vyuo vinne hivyo sithubutu kumwita asiyesoma, na wale waliosoma kwa kalamu tu, wakashindwa na vina, naona walipungukiwa na kuimba.

Je, ni kweli kwamba alianza kutunga uzeeni, na kwamba kipaji chaweza kumjia mtu baada ya miaka 60?

La, si kweli kwa habari ya kutunga, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kilichokuja uzeeni ni kitabu. Watu wa Unguja walikuwa wakizisikia tungo zake miaka mingi kabla mpiga chapa hajapata habari zake, na lau angalifariki mwaka 1990 angalikuwa mshairi yuleyule, ila sisi wa mbali tusingalimjua. Tuna tabia ya kuuhesabu umri wa mshairi kuanzia tarehe iliyo nyuma ya jalada, kisha tukastaajabu kwamba mzee wa miaka 61 amechipua ghafula, kumbe aliyechelewa ni mchapaji.

Si yeye pekee. Mwimbaji Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880, aliuza vyungu akitembea kijiji hata kijiji, na sauti yake ndiyo iliyokuwa tangazo la biashara yake. Aliingia mjini Zanzibar mwaka 1911, na mwaka 1928, alipokuwa amekaribia miaka 50, akavuka bahari kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri. Aliyesikiliza santuri zile angedhani ameanza jana, hali wanunuzi wa vyungu walikuwa wamemsikia bure kwa miaka mingi. Mwana Kupona naye, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akafariki yapata mwaka 1860. Nani atasadiki kwamba beti zenye ustadi ule zilikuwa jaribio la mtu anayeanza? Zilizomtangulia hazikuandikwa, au ziliandikwa zikapotea, na utenzi huu uliokoka kwa kuwa ulikuwa wasia, na wasia huhifadhiwa.

Hata hivyo sitaki kuwapumbaza. Aliyekaa miaka 60 bila kuimba, bila kusikiliza, bila kucheza na maneno, hatalipata shairi kwa sababu tu ya kustaafu.

Katika nchi yetu ya Katanga hatukuwa na watu wa namna hiyo?

Mmekuwa nao, nami naona ajabu kwamba hamuwataji. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930, mtu wa Bunkeya, mji mkuu wa zamani wa mfalme Msiri, ambao leo umo ndani ya jimbo la Lualaba. Maisha yake yalikwenda kinyume cha yale ya Haji Gora, kwa maana chapa ilimwahi: mrekodi wa muziki Hugh Tracey alimnasa Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, gitaa likiwa mkononi mwa kijana wa miaka 22, na muda si mrefu akawa anaigwa Nairobi na kwingineko. Baada ya hapo aliishi maisha ya namna nyingi, ya ajira na ya biashara, akapiga katika tamasha la Newport huko Marekani mwaka 1969, na katika miaka ya themanini wataalamu wakamwendea tena kurekodi aliyokuwa nayo, mpaka ajali ya barabarani ilipomchukua huko Zambia mwaka 1990. Umaarufu wa mapema haukumkinga na miaka mirefu ya kusahauliwa nje ya kwao.

Wa pili ni André Yav. Mwaka 1965, mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, wapishi na maboi waliozeeka katika kazi ya kuandaa meza za watu wengine, walikusanya habari za mji wao kwa Kiswahili cha Katanga, na Yav akaziandika. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian akazitoa katika kitabu. Si mashairi, lakini ni kazi ya wazee ambao hakuna aliyewahi kuwauliza neno, na mtu akiisoma kwa sauti atasikia mwendo wa msimulizi aliyezoea kusikilizwa jioni.

Tena mto wenu wenyewe umemzaa mwandishi mzee. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip aliyeutawala mkono wa Lualaba kule Kasongo na Nyangwe, mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, ambaye sina haja ya kumpamba, aliandika maisha yake kwa Kiswahili alipokuwa amekwisha kurudi Zanzibar, akafariki mwaka 1905. Kitabu hicho cha mzee ni katika nathari za mwanzo za Kiswahili zenye nguvu ya masimulizi.

Kazi nyingi mbalimbali hazimtawanyi mtu akili?

Humtawanya asiyekuwa na jambo moja la kuzifunga pamoja. Haji Gora alikuwa nalo, nalo ni kutunga.

Mimi ni miongoni mwa wale zaidi ya 10,000 walioondoka katika kampuni ya migodi ya Gécamines mwaka 2003 na 2004. Nina daftari saba za tungo. Nifanye nini, baba?

Kwanza, usizipeleke kwa mpiga chapa. Zisome zote kwa sauti, mbele ya mtu asiyekuogopa, mkeo akiwa bora kuliko rafiki wa kanisani, na kila mshororo unaokukwaza ulimi utie alama. Pili, chini ya kila utungo andika mwaka, mahali, na sababu iliyokufanya utunge: mazishi ya nani, mgomo gani, harusi ya nani, kuporomoka kwa mgodi gani, kwa kuwa tungo za mtu wa kazi, zikipotelewa na sababu zake, hupotelewa na nusu ya maana. Tatu, zile ulizozihifadhi moyoni tu, mwambie mjukuu akurekodi kwa simu, kisha aandike kama ulivyotamka, asizisahihishe. Nne, fanya nakala, na nakala moja ikae nyumba nyingine, kwani mvua za Januari na mchwa hawajui diwani. Ukimaliza, chagua thelathini. Saba zote si kitabu, ni ghala, na kazi ya kuchagua ndiyo itakayokuonyesha kama una diwani au la.

Kiswahili changu ni cha Kolwezi, kimechanganyika na Kifaransa na Kisanga. Watu wa pwani hawatanicheka?

Wako watakaocheka. Lakini huyo Haji Gora mnayemwona mtu wa pwani, kwa watu wa mjini alikuwa mtu wa kisiwani, na lahaja ya Kitumbatu ina maneno ambayo Mwunguja mwenyewe huyaulizia maana; hakuyafukuza katika tungo zake, wala hazikuwa duni kwa sababu yake. Sharti moja tu lisilokwepeka: neno la Kifaransa likiingia katika ubeti, lihesabiwe mizani kwa jinsi mama wa sokoni pale Manika anavyolitamka, wala si kwa jinsi lilivyoandikwa katika kamusi. Likikaa vizuri katika zile nane, ni la kwako. Lisipokaa, tafuta la Kisanga.