Hesabu Meno Kabla ya Kuwasha Kipimo

Giaboksi ya konveya ya makapi ya miwa ilianza kuguna katikati ya msimu wa kusaga. Mzee mmoja wa karakana, fundi ambaye masikio yake nimeyaamini tangu nilipokuja kiwandani kwa mafunzo ya vitendo, aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava ya beringi na mpini akauegemeza sikioni. Akasikiliza kwa muda, kisha akaniambia, "Kijana, humu kuna kitu kinagonga. Ila ni kipi, hapo sikio langu linagota." Wenzetu walikwisha kubadilisha beringi za mota mara mbili, na mguno ulikuwa palepale. Tulikuwa tunamsaka mchawi kwenye nyumba isiyo yake.

Siku ile kipimo cha mtetemo kilikuwa mkononi mwangu, lakini kazi niliianza kwa kalamu. Kipimo huchukua mtikisiko wote wa mashine na kuuchambua: huu unajirudia mara ngapi kwa sekunde, na ule mara ngapi. Matokeo yake ni mchoro wenye vilele, nao ndio tunaouita spektra. Usipojua kila shafti inazunguka mara ngapi na kila gia ina meno mangapi, mchoro huo ni milima mitupu.

Bamba la mota liliandikwa mizunguko 1475 kwa dakika. Sikulitegemea, kwa sababu kasi halisi hubadilika kidogo kulingana na mzigo. Nilibandika utepe unaong'aa kwenye kaplingi, nikapima kwa takometa, nikapata 1480. Gawanya kwa 60, unapata hezi 24.67. Kitabu cha giaboksi kilionyesha kwamba gia ndogo ya kuingilia ina meno 21 na inazungusha gia ya meno 83 kwenye shafti ya kati. Shafti hiyo ya kati ina pia gia ndogo ya meno 18, inayozungusha gia ya meno 71 kwenye shafti ya kutokea.

Sasa zidisha. Meno 21 mara 24.67 ni hezi 518: hapo ndipo meno ya hatua ya kwanza yanapokutana, mara 518 kila sekunde. Gawanya 518 kwa 83, shafti ya kati inazunguka kwa hezi 6.24. Zidisha hiyo kwa 18, meno ya hatua ya pili yanakutana kwa hezi 112. Gawanya tena kwa 71, shafti ya kutokea ni hezi 1.58. Namba hizo tano niliziandika kwa chaki ubavuni mwa giaboksi.

Kihisi chenye sumaku nilikibandika kwenye nyumba ya beringi baada ya kukwangua rangi hadi chuma kionekane. Ukikishika kwa mkono, mitikisiko ya kasi kubwa inapotea njiani. Pima ulalo, wima, na kuufuata urefu wa shafti, hasa kama meno yamekatwa kimshazari, maana gia za aina hiyo husukumana pembeni. Tena pima konveya ikiwa imebeba mzigo wake wa kawaida. Kilele cha meno hupanda na kushuka kwa mzigo, kwa hiyo vipimo vya konveya tupu havilinganishwi na vya konveya iliyojaa.

Kuna mpangilio mmoja kwenye kipimo ambao watu wengi huupita haraka, na hapo ndipo kazi yetu ya awali iliharibikia. Unatakiwa kuona angalau mara tatu ya masafa ya meno. Mara tatu ya 518 ni 1554, basi nikaweka kikomo cha hezi 2000. Hapo hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa idadi ya mistari ya mchoro. Spektra ya kwanza ilichukuliwa kwa mistari 400, yaani kila mstari unabeba hezi 5, na kwenye 518 kulionekana kilima kimoja kinene kisichosema kitu. Niliongeza hadi mistari 3200, kila mmoja hezi 0.625. Kilima kikapasuka. Kando ya 518 vikajitokeza vilele kwenye 505.5, 511.8, 524.2 na 530.5.

Kilele cha 518 chenyewe si ugonjwa; gia nzima nayo inacho. Tazama umbali kati yake na vilele vya pembeni. Kama vingeachana kwa hezi 24.67, ningeshuku gia ndogo ya meno 21. Hivi viliachana kwa 6.24, nayo ni kasi ya shafti ya kati. Mwenye kosa alikuwa gia ya meno 83. Nikahamia kwenye mchoro wa mtikisiko kwa wakati, nikakuta pigo kali moja kila baada ya sekunde 0.16, yaani mara moja kwa kila mzunguko wa shafti hiyo. Jino moja, basi.

Magonjwa mengine yana sura zake. Kilele kikubwa kwenye kasi ya shafti mara moja huashiria uzito usiolingana. Mara mbili, pamoja na mtikisiko wa kuufuata urefu wa shafti, huashiria kaplingi isiyonyooka. Msururu mrefu wa marudio hunipeleka kwanza kwenye bolti za msingi. Beringi hujitambulisha kwa vilele visivyogawanyika sawasawa kwa kasi ya shafti: kwa makadirio, idadi ya gololi mara 0.4 ya kasi kwa njia ya nje, na mara 0.6 kwa njia ya ndani. Na umeme wetu wa hezi 50 huleta kilele kwenye 100, jirani kabisa na 112 yangu. Ukiwa na shaka, zima mota huku unatazama: cha umeme hutoweka papo hapo, cha meno hushuka taratibu pamoja na kasi.

Tulifungua kava ya ukaguzi tukazungusha kwa mkono. Jino lilikuwa na ufa kwenye shina lake, umekula karibu nusu ya upana. Wiki kadhaa kabla, konveya ilikwama ikawashwa ikiwa imejaa. Tulibadilisha gia hiyo pamoja na ndogo inayoshikana nayo, tukapima tena kwa mzigo uleule. 518 ilibaki, fupi, na vilele vya pembeni vikazama. Mzee alirudisha bisibisi yake pale pale, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali.

Msimu ukiisha na giaboksi zikiwa wazi kwa matengenezo, hesabu meno ya kila gia na uyaandike kwa rangi ubavuni mwa mashine, pamoja na namba za beringi zake.