Nakala ya Mtu ni Mtu



Apitaye Akheri, chini ya Mlima Meru, huona migomba imezizunguka nyumba. Mkulima wa huko hapandi mbegu ya ndizi. Hung'oa chipukizi ubavuni mwa mgomba mama, akalipanda mahali pengine. Mgomba ule mpya haukuchanganya damu ya wawili. Ni nakala ya mama yake. Wataalamu huiita nakala ya namna hiyo kloni. Kumbe jambo tulidhanilo geni, mababu waliishi nalo shambani, wala hapana dhambi ndani yake.

Je, yafaa kumfanyia binadamu hivyo?

Mwaka 1996, karibu na mji wa Edinburgh, nchini Uskoti, wataalamu walitwaa kiini cha seli ya kiwele cha kondoo mzima, wakakitia katika yai lililoondolewa kiini chake. Walifanya hivyo kwa mayai 277, akazaliwa mwanakondoo mmoja tu, Dolly. Ndipo watu wakauliza kama zamu ya mtu imekaribia. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulitoa tamko la kuzitaka nchi zikataze kloni ya binadamu isiyopatana na heshima ya utu.

Swali hilo lilikwisha kuonyeshwa katika televisheni. Mwaka 1989 mchezo wa Kimarekani, Star Trek: The Next Generation, ulitoa sehemu iitwayo Up the Long Ladder. Yasimuliwa humo habari za watu wa sayari ya mbali, waliotokana na watano tu walionusurika katika ajali ya chombo chao. Kwa miaka 300 wamejiongeza kwa nakala, na sasa nakala zao zachakaa. Waomba seli za wageni, wageni wakataa, nao waziiba. Afisa mmoja, Riker, aikuta nakala yake na ya daktari wao zikikuzwa, aziteketeza kwa silaha.

Ni rahisi kuona uchungu pamoja na Riker, maana ameibiwa. Lakini tufikiri. Aliyeiba ni nani? Ni wale wataalamu. Aliyeuawa ni nani? Ni yule aliyelala, asiyejua lolote.

Hapo ndipo penye fundisho. Kanisa, katika hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008, lakataza kloni ya binadamu, kwa kuwa mtoto ni zawadi, si kitu cha kuagizwa kwa kipimo cha mwingine. Lakini Kanisa hilohilo lafundisha kwamba uhai wa binadamu wastahili heshima tangu mwanzo wake, hata ukiwa umeanza kwa njia mbaya. Pacha wa kufanana hutoka katika yai moja, lakini kila mmoja ana roho yake, na mama yao hawahesabu kuwa mtu mmoja. Kadhalika, siku akizaliwa mtu wa nakala, kosa litakuwa la mtengenezaji. Mtoto atakuwa mtu kamili, astahiliye jina, ubatizo na nafasi mezani.

Wazazi wapenzi, msiseme haya ni ya nchi za mbali. Vijijini mwetu wapo watoto ambao wazazi wao walikosa, nao huitwa majina ya aibu kisimani na shuleni. Wahenga walisema: Kitanda hakizai haramu. Basi tulaumu kosa, tusimlaumu aliyezaliwa. Jioni ya leo wasimulieni watoto wenu kisa hiki, mkawaulize: yule aliyelala alikuwa na kosa gani?