Sura Yako Bila Filta

Somo: 1 Samweli 16:1–13

Wiki hii tunaangalia swali ambalo vijana wetu wa Ngoingwa wanalijibu kila siku kwa simu zao: mimi ni nani?

Mimi hupiga picha za ubatizo na harusi hapa kanisani. Siku hizi mtu akiona picha yake, ombi la kwanza ni, "Ning'arishie kidogo." Anamaanisha nimfanye mweupe. Simu nyingine hata hazingoji uziambie. Zinalainisha ngozi na kufuta makunyanzi zenyewe. Tena kamera ikiwa karibu sana na uso hukuza pua, halafu mtu anaanza kuchukia pua ambayo haina shida yoyote.

1. Mashine ina kipimo chake. Enzi za filamu, maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Shirley akitoka vizuri, basi kazi imekubaliwa. Sisi weusi tulibaki gizani, meno na macho tu. Miongoni mwa waliolalamika mpaka filamu zikaboreshwa ni watengenezaji wa chokoleti na samani, kwa sababu rangi za bidhaa zao hazikuonekana sawasawa! Filta inayokufanya mweupe leo ni Shirley yuleyule, amerudi kwa simu.

2. Mungu ana kipimo kingine. Samweli alimwona Eliabu akadhani mfalme amepatikana. Mungu akamkataza kutazama sura na kimo, kwa kuwa Yeye anaangalia moyo. Daudi hata hakuwa ameitwa nyumbani. Alikuwa na kondoo. Lakini soma vizuri mstari wa 12: Daudi naye alikuwa na sura nzuri. Kwa hivyo kupendeza si dhambi, na kupiga picha si dhambi. Shida ni kuiachia picha ikwambie thamani yako.

3. Wanaokupenda wanautaka uso wako wenyewe. Mama mmoja aliyempoteza binti yake alinijia akitafuta picha ya programu ya mazishi. Tulipitia simu ya marehemu, picha baada ya picha, zote zina filta. Mama alikuwa anatafuta kovu dogo juu ya nyusi, ambalo binti alilipata akiwa mtoto. Tulilipata kwenye picha niliyopiga siku ya ubatizo: amelowa maji, anacheka. "Sasa huyu ndiye wangu," mama akasema.

Zoezi la wiki: Toka nje asubuhi, piga picha moja bila filta. Usiitume popote. Iangalie dakika moja, kisha mshukuru Mungu kwa huyo unayemwona.

Kwa ushirika wa nyumbani: Ni sehemu gani ya sura yako umekuwa ukiificha? Nani alikufundisha kuionea aibu?

Maombi: Baba, tufundishe kujiona jinsi unavyotuona. Amina.