Haendi Kununua Chochote: Mafunzo Niliyopata kwa Ndugu wa Uamsho

Nimekulia mkoani Kagera, katika nyumba ambayo siku ya ushirika ilijulikana kwa wingi wa viatu mlangoni na kwa wimbo wa Tukutendereza ulioanza kabla chai haijamiminwa. Wazazi wangu walikuwa ndugu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukashika Uganda, kisha ukaingia Kenya na Tanganyika kabla muongo ule haujaisha. Majirani waliwaita walokole, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Haya ndiyo niliyojifunza kwao kuhusu wokovu na namna mwanadamu anavyomwitikia Mungu.

1. Mungu ndiye anayeanza

Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Njaa ilikuwa imeipiga Rwanda, na kazi ya Gahini ilikuwa imemwelemea. Huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile ya kumjua Mungu zaidi. Wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Aliyetumwa kuwaletea Waafrika Injili akaipokea upya akiwa na Mwafrika.

Wazee wetu walikipenda kisa hiki cha chimbuko la Uamsho kwa kuwa hakimwachii mtu yeyote nafasi ya kujivuna. Katika sura ya 2 ya Waefeso, Mtume Paulo anatanguliza neema, ndipo anataja matendo mema. Hilo lilikuwa somo la kwanza kwa kila aliyeokoka: hukumtafuta Mungu ukampata, yeye ndiye aliyekutafuta.

2. Toba huenda mpaka mlangoni kwa mtu

Neema ikishapokelewa, ndugu walikuwa na neno moja la kazi: kutengeneza. Uliyemwibia, uliyemsingizia, uliyenuniana naye, unamfuata nyumbani kwake. Zakayo hakuishia kufurahi kwamba Yesu ameingia kwake; alitamka mbele ya watu kwamba atarudisha mara nne.

Mzee mmoja wa ushirika wetu alikuwa amefanya kazi ya kupima kahawa ya wakulima. Alipookoka alikiri kwamba kwa misimu mingi mizani yake ilikuwa ikiwapunja. Akauza ng'ombe, akapita nyumba kwa nyumba. Pale mkulima alipokuwa amefariki, aliwapa watoto wake. Mkulima mmoja alikataa pesa, akamsamehe. Mwingine alizipokea, akazihesabu, akamwambia asikanyage tena pale. Mzee alirudi ushirikani akashukuru kwa wote wawili.

Nilimuuliza imekuwaje ashukuru kwa kufukuzwa. Akanijibu kwamba hakwenda kutafuta msamaha wa Mungu kwa yule bwana, maana huo alikwisha kuupata. Alikwenda kurudisha mali ya watu. Sijasikia mahubiri yaliyonieleza uhusiano wa neema na matendo vizuri kuliko jibu hilo.

3. Ushuhuda wa jana haulishi leo

Ukisimama kushuhudia kwa kusimulia tu siku uliyookoka, mama mmoja mzee angekukatiza kwa upole: "Na leo, mwanangu, Yesu amekufanyia nini?" Ilitutisha sisi vijana. Lakini ilitufundisha kwamba wokovu ni kama mana ya jangwani, huokotwa kila asubuhi, na iliyowekwa akiba huvunda. Ndiyo maana walizungumzia kutembea nuruni: kuleta dhambi ya wiki hii msalabani wiki hii, kabla haijapata mizizi na majina mazuri.

4. Ukoo mpya una gharama

Kuokoka kulimaanisha kuingia katika ukoo mpya wa ndugu, na kuwa mwaminifu kwake kuligharimu. Wakati wa vita vya Mau Mau, ndugu wengi wa Kenya ya kati walikataa kula kiapo cha wapiganaji hao waliopinga ukoloni, wakakataa pia kubeba bunduki za serikali ya mkoloni. Walisema wamekwisha kushiriki damu ya Kristo na hawawezi kushiriki nyingine ya kiapo cha kuua. Pande zote mbili ziliwashuku, na baadhi yao waliuawa.

Lakini haki inanitaka niseme na upande wa pili. Rwanda, nchi ulikozaliwa Uamsho, ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na watu walichinjwa hadi ndani ya makanisa walikokimbilia. Historia nzuri ya kiroho hairithiwi kama shamba. Kila kizazi kinapaswa kuchagua chenyewe kama ndugu wa imani ni ndugu kweli, au ni jina la kuitana Jumapili.

5. Kusamehe si kunyamaza

Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana wa Uganda walimwandikia Rais Idi Amin wakilalamikia mauaji na dhuluma. Siku chache baadaye Askofu Mkuu wao, Janani Luwum, aliuawa. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi na mtoto wa Uamsho, akatorokea Rwanda pamoja na mkewe. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Amin.

Wengi hukumbuka kitabu, wakaisahau barua. Kivengere alikuwa na vyote viwili: alimkemea mtawala na akakataa kumchukia. Anayesamehewa na Mungu anapata ujasiri wa kusema ukweli bila kuhitaji kisasi.

6. Shukrani hugeuka sheria upesi

Nimeshuhudia ushirika ukianza kupima wokovu kwa urefu wa gauni, mtindo wa nywele, na kama mtu amekopa benki. Mara nyingi kila sharti lilianza kama shukrani ya mtu mmoja: fulani aliacha jambo kwa furaha, akalisimulia, na baada ya muda likawa kipimo cha wote. Wengine waliondoka wakidhani wamemkataa Kristo, kumbe walichokataa ni kanuni zetu.

Kwa hiyo mtu akiokoka leo simuulizi alilia kiasi gani, wala sitazami amevaa nini. Namuuliza kuna nani wa kutengeneza naye, na atakwenda lini. Kabla hajaondoka namkumbusha kwamba haendi kununua chochote, maana bei ilikwisha kulipwa na Mwingine. Anayelielewa hilo huenda hata kwa mtu atakayemfungia mlango.