Konstebo na Sherifu wa Texas: Nani Kakuletea Karatasi Hii?

Ukipanga nyumba Houston, Dallas au Fort Worth, siku moja unaweza kufungua mlango ukamkuta mtu mwenye beji kifuani, bastola kiunoni na karatasi mkononi. Wengi wetu hapo huona polisi tu, na hofu ikishapanda hakuna anayetazama gari lake limeandikwa nini ubavuni. Ni vizuri kutazama. Texas ina polisi wa mji, ina sherifu, ina konstebo, na kila mmoja ana mkubwa wake na kazi yake. Hao wawili wa mwisho ndio wanaochanganywa zaidi.

Tuanze na sherifu. Texas ina kaunti 254, na kila kaunti ina sherifu mmoja. Hateuliwi na gavana wala meya: wapiga kura wa kaunti nzima humchagua kila baada ya miaka minne, na cheo chake kimo katika katiba ya jimbo. Nje ya mipaka ya miji, ambako polisi wa mji hawafiki, manaibu wake ndio wanaofanya doria na ndio wanaokuja ukipiga 911. Lakini mzigo wake mkubwa ni jela ya kaunti. Anayekamatwa, awe kakamatwa na polisi wa mji, na konstebo au na naibu sherifu, kwa kawaida huishia katika jela hiyo.

Kwa hiyo ndugu yako akikamatwa usiku, usihangaike kuzunguka vituo vya polisi. Anza na sherifu wa kaunti aliyokamatiwa. Katika kaunti kubwa, tovuti ya sherifu ina mahali pa kumtafuta mtu kwa jina. Asipoonekana, jaribu tena kwa namna nyingine: watu wetu wenye majina matatu mara nyingi huandikishwa kwa jina ambalo nyumbani hakuna anayelitumia, au jina la baba likawekwa mbele.

Sasa konstebo. Aliyekulia Kenya au Tanzania anamjua konstebo kama askari wa cheo cha chini kabisa, na hapo ndipo anapoteleza. Konstebo wa Texas ni mkuu wa ofisi nzima, amechaguliwa kwa kura kwa miaka minne, na ana manaibu chini yake. Wala si mdogo wa sherifu. Sherifu hawezi kumwamuru wala kumfukuza kazi. Tofauti ni kwamba wapiga kura wake ni wa sehemu moja tu ya kaunti, inayoitwa presinti. Kaunti ya Harris, yaani Houston na vitongoji vyake, ina presinti 8, na Kaunti ya Dallas ina 5. Kila presinti ina konstebo wake, pamoja na mahakama ya hakimu wa amani, ile mahakama ndogo inayosikiliza kesi za wapangaji na madai yasiyozidi dola 20,000.

Konstebo ndiye mkono wa mahakama hiyo. Hulinda chumba cha mahakama, hupeleka samansi, na hukumu ikitoka hutekeleza. Ukichanganya tarishi wa mahakama na dalali wa mahakama wa Tanzania, kisha ukampa mamlaka kamili ya polisi, umempata. Hayo mamlaka usiyasahau. Nimesikia mtu akimwambia mwenzake kwamba konstebo hawezi kumsimamisha dereva barabarani. Anaweza, na anaweza kukamata pia. Huko Harris, vyama vya wakazi wa mitaa huingia mkataba na kaunti na kuchangia gharama ili manaibu wa konstebo wafanye doria mitaani mwao, kwa hiyo anayekusimamisha kwa mwendo kasi huenda akawa ni yeye.

Kesi ya kuhamishwa nyumba ndiyo inayowakutanisha watu wetu na konstebo zaidi kuliko nyingine yoyote, na ndiyo yenye siku chache za kucheza nazo. Mwenye nyumba hutoa kwanza notisi ya kuondoka, kwa kawaida ya siku tatu, isipokuwa mkataba unasema vingine. Notisi hiyo ni yake mwenyewe, haijatoka mahakamani, na haimpi ruhusa ya kukutolea vitu nje. Usipoondoka, anafungua kesi, na konstebo analeta samansi yenye tarehe ya kusikilizwa. Tarehe hiyo huwa kati ya siku 10 na 21 tangu kesi ilipofunguliwa. Samansi si lazima upewe wewe mkononi: ikiachwa nyumbani kwako kwa mtu aliyezidi miaka 16, imekufikia kisheria. Katika nyumba nyingi za wahamiaji, anayefungua mlango na kuzungumza Kiingereza ni kijana wa sekondari. Mwambie mapema kwamba karatasi kama hiyo haiwekwi juu ya friji ikasubiri Jumamosi.

Nenda mahakamani siku hiyo, hata kama kodi unadaiwa kweli. Omba mkalimani mapema, na beba risiti zako za malipo. Ukishindwa, una siku tano za kukata rufaa, na asiye na uwezo wa kulipia anaweza kujaza hati ya kiapo inayoeleza hali yake. Kama kesi ni ya kodi, mara nyingi utatakiwa uendelee kuweka kodi mahakamani wakati rufaa inasubiri. Usipokata rufaa, kuanzia siku ya sita mwenye nyumba anaweza kuomba amri ya kukuondoa.

Amri hiyo ndiyo inayomrudisha konstebo. Kwanza hubandika mlangoni, upande wa nje, onyo la maandishi kwamba saa 24 zikipita amri inaweza kutekelezwa. Baada ya hapo anakuja na kusimamia vitu vinavyotolewa nje. Sheria hairuhusu vitu viwekwe nje wakati mvua au theluji inanyesha, wala viwekwe mahali panapoziba barabara au njia ya waenda kwa miguu. Siku hiyo kubishana na konstebo hakusaidii kitu: yeye hakuamua kesi, na hana uwezo wa kuirudisha nyuma.

Samansi ya deni, kama la hospitali au la kadi ya benki, ni jambo jingine. Katika mahakama ya hakimu wa amani unatakiwa kuwasilisha jibu la maandishi kabla siku ya 14 haijaisha tangu uipokee. Ukikaa kimya, mdai anapewa ushindi bila wewe kusikilizwa. Mshahara wako Texas haukatwi kwa deni la kawaida la namna hiyo, ila fedha zilizo katika akaunti ya benki zinaweza kuzuiwa. Kukataa kupokea karatasi au kujificha chumbani hakufuti kesi.

Je, anayeleta samansi ni mtu wa uhamiaji? Hapana. Kazi yake inaishia mlangoni, na samansi ya madai haimpi haki ya kuingia ndani kupekua. Lakini mtu akikamatwa kwa kosa la jinai na kuingizwa jela ya sherifu, alama zake za vidole hupelekwa hadi serikali kuu ya Marekani na kulinganishwa na kumbukumbu za uhamiaji. Asiye raia na atafute wakili wa uhamiaji kabla ya kukubali kosa lolote, hata lile analoambiwa ni dogo.

Haya yote ni ya Texas, usiyahamishe na mizigo. Pennsylvania nako konstebo huchaguliwa, lakini kwa miaka sita, hulipwa kwa kila karatasi anayopeleka badala ya mshahara, na siku ya uchaguzi hulinda amani vituoni. Connecticut ilifuta masherifu wake wa kaunti mwaka 2000. Alaska haina kaunti, basi haina sherifu wa kaunti.

Popote ulipo, kuna simu moja utakayopigiwa siku yoyote. Mtu atajitambulisha kuwa ni naibu sherifu au konstebo, atasema ulikosa kufika mahakamani na kuna hati ya kukukamata, kisha atataka ulipe sasa hivi kwa kadi za zawadi za dukani au kwa kutuma pesa kwa simu. Huyo ni tapeli, hata kama namba inayoonekana ni ya ofisi ya kweli. Sherifu na konstebo hawakusanyi faini kwa njia hiyo. Kata simu, tafuta mwenyewe namba ya ofisi ya kaunti yako, kisha uliza kama jina lako lina kesi.